Futari Zetu na Kilo Zinazorudi Shawwal

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha kuukaribisha mwezi wa Ramadhani, Kibwezi. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

   



Nilipopewa mada niliambiwa nizungumzie afya katika Ramadhani. Nikaona jina hilo ni pana mno, mtu anaweza kulizungumza mpaka Idd iingie na asimalize. Kwa hivyo nimekata kipande kimoja tu, kile kilichoigusa nyumba yetu: unene. Najua ni jambo la haya, na nilipolitaja siku ile niliona kina dada wa nyuma wameanza kutazamana. Tulieni, naanza na mimi mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Shaaban, nilirudi nyumbani kutoka chuoni. Kule chuoni, ndugu msomaji, mwanafunzi hula chipsi na soda kwa sababu ndizo zilizo karibu, kisha hukaa akisoma mpaka usiku wa manane. Siku moja nimekwenda sokoni na susu wangu kuuza ndengu, nikapanda kwa mchezo ile mizani ya kupimia magunia. Ikasema kilo 81. Mzee wa mizani akacheka, akaniambia, "Mwanangu, zimebaki kilo tisa tu uwe gunia la mahindi." Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku sikulala vizuri.

Nikajipa moyo: hakuna neno, Ramadhani hiyo inakuja, nitafunga siku zote nipungue. Nikafunga. Idd ilipokwisha nikairudia mizani ile ile. Kilo 84.

Jamani, nimefunga mwezi mzima, sikula mchana hata tonge moja, nikaongezeka kilo tatu! Mimi nasomea ualimu wa hisabati, na hesabu ile haikunikalia vizuri. Lakini hata hapo ningeliacha jambo lipite, lau si yaliyotokea wiki mbili baadaye. Mama alianza kulalamika kiu isiyokatika na kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo. Tukampeleka akapimwe. Sukari. Mama yangu alikuwa na miaka 46. Muuguzi aliyempima akamuuliza kwa upole, "Mama, huko nyumbani mlikuwa mnafuturu kwa nini?" Mama akaanza kutaja, mahamri, kaimati, viazi karai, sambusa, chapati, sharubati, chai. Alipofika kwenye chai akanyamaza mwenyewe.

Swali lile la muuguzi ndilo mada yangu.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wetu tunadhani kufunga peke yake kunapunguza mwili. Watafiti katika nchi nyingi wamewapima Waislamu kabla ya Ramadhani na baada yake, na matokeo yakakusanywa pamoja. Kwa wastani mtu hupungua kilo 1 au moja na nusu hivi, na wiki chache baada ya Idd sehemu kubwa ya hizo huwa zimesharudi. Huo ni wastani, maana yake wako waliopungua zaidi, na wako kama mimi waliotoka na nyongeza. Wala Allah hakutufaradhishia saumu ili tupungue viuno. Suratul Baqara aya ya 183 inataja ucha Mungu. Mwenye kufunga kwa nia ya mizani basi amefanya biashara duni. Ila mwenye kufunga kwa ajili ya Mola wake, kisha jioni akavunja adabu ile ile aliyokuwa akijifunza mchana, huyo naye ajiulize.

Sasa hebu tuhesabu. Ramadhani ya mwaka jana nilikuwa nyumbani wiki ya kwanza, nikafanya utafiti wangu mdogo jikoni. Sisi ni watu sita. Nilipima mafuta kabla ya kukaanga na baada ya kukaanga, nikakuta yamepungua mililita 300. Hayakupotea hewani, tuliyala. Mafuta, ya aina yoyote, yana kalori 9 kwa kila gramu (kalori ni kipimo cha nguvu ambayo chakula kinaupa mwili). Mililita 300 ni kama gramu 275, basi ni karibu kalori 2,475. Gawanya kwa sita: kila mmoja wetu alikunywa kalori 410 za mafuta matupu, bila kuhesabu unga, viazi wala nyama.

Nikaja kwenye sukari. Pakiti ya kilo 2 iliisha kwa siku nne. Iligawanyika kwenye uji, kwenye sharubati, kwenye shira ya kaimati, na kwenye zile chupa mbili za chai. Hiyo ni gramu 500 kwa siku, kila mtu gramu 83, kama kalori 330. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe 25. Sisi tulikuwa zaidi ya mara tatu ya hiyo 25, na ndani ya nyumba hiyo yumo mgonjwa wa sukari!

Jumlisha sasa: 410 na 330 ni 740. Mtu wa kilo zangu za wakati ule akitembea kilomita moja anaunguza kama kalori 50 au 60 tu. Ili nizilipe zile 740 ningetembea zaidi ya kilomita 12 kila siku, yaani kama nusu ya njia ya kutoka hapa kwenda Makindu. Nani atatembea? Ndiyo maana nawaambia wenzangu wanaoanza na mazoezi peke yake, wakikimbia asubuhi na kurudi kwenye mahamri manne: mlango wa kupungua uko jikoni. Mazoezi yana kazi kubwa, nitaifikia, lakini hayaishindi sahani.

Na mizani haidanganyiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ukipunguza 500 kwa siku, mwanzoni utapungua kama nusu kilo kwa wiki, na baadaye mwili huanza kuzoea na kwenda polepole zaidi. Kwa hivyo anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi kwa majani ya chai yaliyofungwa vizuri, huyo anapunguza mfuko wako.

Je, dini yetu imetuachaje katika hili? Suratul A'raf aya ya 31 inaturuhusu kula na kunywa na inatukataza kupita kiasi, mambo hayo mawili yamewekwa pamoja. Katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo, na kwamba akiona hana budi basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji na thuluthi ya pumzi. Hadithi hii tunaijua sote, tumeihifadhi madrasa, mimi niliipatia alama zote kwenye mtihani. Kisha jioni ya Ramadhani tunaijaza ile thuluthi ya pumzi kwa chapati, na kwenye tarawehe imamu akirukuu unasikia watu wanaguna.

Iko sunna nyingine ambayo naiona ni dawa na hatuitumii. Mtume (s.a.w.) alikuwa akifungua kwa tende mbichi, asipopata basi tende kavu, asipopata basi maji, na hayo kabla ya kuswali. Tazama hekima ya hapo. Unakula tende mbili tatu, unakunywa maji, unaswali maghribi, sunna zake, nyiradi. Zinapita dakika kama 20, na huo ndio muda ambao tumbo linahitaji kuupa ubongo habari kwamba chakula kimeingia. Ukirudi kwenye sinia wewe ni mtu mwingine, si yule aliyekuwa akitazama saa. Sisi tunafanyaje? Adhana haijamalizika mtu yuko sambusa ya tatu, maghribi inaswaliwa mbio mbio.

Nyumbani hatukufanya mapinduzi. Vya kukaanga tuliviacha kwa siku mbili kwa wiki, na siku hizo ni kitu kimoja, si vitano. Viazi tukachemsha, sambusa mama akazioka. (Hazikuwa tamu kama zile, nisiwadanganye. Kaka yangu alinuna siku tatu.) Sukari ya chai tuliipunguza nusu kijiko kila wiki mpaka ulimi ukazoea, na sharubati ya ukwaju tukainywa kali kama ilivyo. Soda haikuingia tena isipokuwa Idd, maana ile ya nusu lita ina sukari kama gramu 50, zaidi ya vijiko kumi vya chai, wala hushibi.

Na daku? Hapa ndipo panaponiuma kama mtoto wa Ukambani. Ndengu tunalima wenyewe. Gramu 100 za ndengu kavu zina kama gramu 24 za protini na gramu 16 za nyuzinyuzi, chakula kinachokaa tumboni mpaka adhuhuri. Kunde tunazo, mbaazi tunazo, isyo susu zetu wanapika tangu dunia. Lakini magunia ya ndengu tunayapakia kwenye lori yaende Nairobi, halafu tunarudi na unga mweupe na mafuta ya kupikia, tunakula chapati na chai saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi njaa imeshatushika na tunalaumu jua la Kibwezi. Bakuli la isyo au ndengu na wali kidogo, mboga, tunda, maji glasi mbili, na utaona mchana wako utakavyokuwa. Wala sisi hatuna udhuru wa urefu wa siku. Tuko karibu na ikweta, saumu yetu ni saa kumi na tatu na kitu mwaka hadi mwaka, wakati wenzetu wa London Ramadhani ikiangukia kiangazi hufunga hata saa 18.

Nije sasa kwenye mazoezi, na hapa naomba kaka zangu wanisikilize hata kuliko dada zangu.

Utafiti wa serikali wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulikuta kwamba kati ya Wakenya wazima 100, 27 wana uzito uliozidi. Lakini ukitenganisha, wanaume ni 17 na nusu na wanawake ni 38 na nusu. Zaidi ya mara mbili! Na hali inapanda: katika tafiti za afya za nchi nzima, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa 25 kati ya 100 mwaka 2008-09, wakawa 33 mwaka 2014. Kwa nini wanawake? Zipo sababu za maumbile na za uzazi, hizo ni za madaktari. Lakini nyingine naiona kwa macho yangu hapa mjini. Saa kumi na moja jioni wavulana wako uwanjani na mpira. Dada zao wako wapi? Wameinamia karai la mafuta. Susu alichota maji kwa miguu, akaenda shamba kwa miguu, harusini kwa miguu. Mimi naenda dukani kwa boda boda. Na nikisema nitembee haraka kidogo barabarani na dera langu, wapo watakaouliza, "Unakimbilia wapi? Nani amefariki?"

Nikajibiwa na mtu mmoja, mwanamke wa Kiislamu na mazoezi wapi na wapi. Nikamwambia arudi kwa Abu Daud. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia mwenyewe kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) katika safari, akamshinda. Siku zikapita, mwili wake ukaongezeka, wakashindana tena na mara hii Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hiyo ni fidia ya ile. Mimi hadithi hii huipenda kwa mambo mengi, lakini tazama: Mama wa Waumini anataja kuongezeka kwake mwili bila kuona haya, na mume anamtania bila kumdhalilisha, kisha anakimbia naye. Sisi waume zetu wanatutania, lakini kukimbia nasi hawakimbii.

Na hiyo ya kutania niiseme kabisa. Suratul Hujurat aya ya 11 imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na "kibonge" ni jina baya hata ukilisema kwa kucheka. Sijapata kumwona mtu aliyepungua kwa matusi. Upande wa pili nao upo: nilipoanza kupungua kuna mama aliyemuuliza mama yangu kwa siri kama naumwa, mwingine akasema chuoni hawanilishi. Kwetu mke akinenepa, mumewe husifiwa kuwa anamtunza. Tuache. Mwili wa mtu si ubao wa matangazo wa mumewe.

Faida ya kutembea si ndogo. Mwaka 2002 Marekani walitangaza matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa juu ila haijafikia ugonjwa. Kundi moja waliambiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito wao, na watembee au wafanye mazoezi kama hayo dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin ilipungua kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 84 ni kilo sita hivi, si lazima mtu awe mwembamba kama ufagio. Na dakika 150 ni nusu saa siku tano. Jimu sikuizungumzia kwa sababu mimi sijawahi kuingia. Nilichokuwa nacho ni kamba ya kuruka uani kwetu, milango imefungwa, na njia.

Ramadhani mtu atembee saa ngapi? Mwenye afya njema anaweza nusu saa ya mwisho kabla ya maghribi, jua limepoa na maji yako karibu. Adhuhuri usijaribu, Kibwezi hii unaijua. Tarawehe nayo ni ibada, msiihesabu kuwa mazoezi yenu, ingawa magoti yanafaidika. Lakini mgonjwa wa sukari, hasa anayetumia dawa au sindano, asifunge wala asitembee na njaa kabla ya kumwona daktari, hospitali ya Makindu si mbali. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an yenyewe, na kuikataa si ushujaa. Mama mwaka jana alikosa siku za mwanzo mpaka daktari alipompangia upya saa za dawa, na alilia, lakini alitii.

Mimi leo nina kilo 73. Urefu wangu ni mita 1.6, kwa hivyo ukigawanya uzito kwa urefu mara urefu unapata 28 na nusu, na mpaka wa uzito wa kawaida ni 25. Bado, basi. Na Shawwal iliyopita zilinirudia kilo mbili kwa harusi tatu mfululizo, nikaanza tena. Hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba Ramadhani ni darasa la mwezi mmoja, na mtihani wake hufanywa Shawwal, wakati hakuna adhana ya kukuzuia mkono. Sita za Shawwal, Jumatatu na Alhamisi, zilinisaidia kuliko kitu chochote.

Sasa ombi langu kwa jumuiya, na nimeshalizungumza na wazazi kadhaa. Njia ndefu ya kwenda tarawehe. Tufuturu kidogo, tuswali maghribi, tule chakula chetu cha wastani, kisha saa moja na robo usiku tukutane mlangoni mwa madrasa. Badala ya kukata moja kwa moja msikitini tunazunguka kwa barabara kubwa yenye taa, tunafika kabla ya isha ikimiwa. Kutembea baada ya kula kunashusha sukari, na hata wagonjwa wengi wanaweza kwa ruhusa ya daktari. Kina mama na kina dada katikati, kaka wawili mbele na wawili nyuma na tochi. Upande wa msituni hatuendi, wenye njia kule ni ndovu.

Na vyombo? Nilijua mtauliza. Vyombo vitaoshwa na kaka waliobaki. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake mpaka wakati wa swala ufike, na hiyo iko katika Bukhari. Kaka yangu, yule aliyenuna, ameshakubali kuanza. Zamu zimebandikwa ubaoni.

Tunaanza usiku wa kwanza wa kufuturu, in shaa Allah. Mama atakuwa mbele, na siku hizi anatembea haraka, ukichelewa hutamkuta.